Kurasa za Nyuma

Daftari hili mbele ni madeni.
Ntahondi, madebe mawili, atalipa giza likiingia.
Mke wa Bitangimana, sado moja, kasema Ijumaa,
hakusema Ijumaa ipi.
Ligeuze, lishike miguu juu,
uanzie kule karatasi zinakoishia:
hapo ni ndege.

Sikufundishwa. Nilianza kwa hasira.
Ukianika dagaa Kibirizi, ndege ni mwizi kwanza,
jina lake baadaye.
Mwewe nilimwandika kwa alichobeba.
Kunguru sikumwandika kabisa, hana siku ya kuja;
ukimwandika kunguru, uandike na majirani.

Lakini mwaka ule, mwezi wa nane, mbalamwezi,
boti zimelala, chanja tupu,
sina cha kulinda wala wa kumfukuza,
nikamwona chamchanga
juu ya jiwe lililo mbele ya meza yangu,
kahawia mgongoni, mweupe tumboni,
anatikisa mkia, anatikisa,
kama fundi anayekanyaga cherehani isiyo na kitambaa.
Dagaa wangu hakuwatazama.
Nikaandika: *Chamchanga. Mmoja. Hadai, hadaiwi.*

Oktoba, tarehe kumi na saba: mbayuwayu,
nyaya zote za umeme toka mashine ya kusaga hadi msikitini.
Nilifika mia na arobaini, mteja akaniita.
Ishirini na tisa: mvua ya kwanza.
Moshi wa mashamba umeoshwa, milima ya Kongo imerudi.
(Si ndege, najua. Lakini nayo ilikuwa haipo.)
Novemba, alfajiri: keremkerem, sauti tu, juu sana,
kama chenji mfukoni mwa mtu asiyetaka kulipa.
Desemba: korongo weupe, saba,
walizunguka juu ya stesheni kama wanaosoma ratiba ya treni,
wakaelekea Malagarasi bila kushuka.

Mwanangu Butoyi huuliza wanatoka wapi.
Mwalimu wake kasema Ulaya, kuna baridi, maji yanakuwa mawe.
Nilimwambia: wewe andika walipoonekana.
Walikotoka ni daftari la mtu mwingine.

Kisha ziwa likapanda.
Halikupiga kelele. Lilisogea
kama mgeni anayevuta kiti kidogo kidogo hadi kwenye sahani yako.
Likachukua choo cha mwalo,
ngazi mbili za ghala,
likachukua jiwe.
Chanja tulizihamisha mara tatu.
Mwezi wa nane ulipofika nilisimama, maji magotini,
nikitazama mahali palipokuwa na jiwe.
Siku ya kwanza.
Ya nne.
Ya kumi na moja, na mbalamwezi ikaisha, boti zikatoka.

Kalamu hupenda njia ya mkato.
Kule mbele yupo Ruhoza,
aliyevuka kwenda Kalemie na madebe yangu sita.
Watu wananiambia, mfute, huyo harudi.
Sijamfuta. Sijamsamehe pia. Mstari wake uko wazi.
Basi na huku nyuma sikuandika *hakuja*.
Niliandika *sijamwona*,
nikapiga tarehe.

Miaka miwili nimeandika neno hilo.

Leo Butoyi kaja mbio, kandambili moja mkononi:
kuna kandege kanatikisa mkia
juu ya boti ya Ntahondi, ile iliyopinduliwa kupakwa lami.
Nikafuta magamba kwenye kanga, nikashuka
na daftari, na peni masikioni mwangu kama seremala.
Siwezi kujua kama ndiye. Hawana alama,
na mimi macho yangu si ya mwaka ule.
Ntahondi aliponiona nakuja na daftari
akasimama, akaanza kupapasa mifuko,
akaanza, dada, nilikuwa njiani kwako, wallahi —

Nikamwambia shh.
Tulia hapo hapo.
Usisogee.